Fungua ya Juu Kwanza

Gerezani, saa moja asubuhi, chuma bado baridi.
Fundi Sikitu yuko chini ya pikapu ya Kapilima,
miguu tu ndiyo inayoonekana, na kandambili zisizofanana.
"Ishirini na nne," anasema. Nampa spana.
"Haya mwanafunzi, nifungue nati ipi?"
Ya chini, nikasema, oili imwagike.
Alicheka mpaka bodi ikatikisika.

Ya juu kwanza, wewe!
Ya juu ikigoma nawe umeshamwaga,
oili mpya utaitia wapi,
puani mwa mwenye gari?

Kapilima amesimama na risiti mkononi.
Nikikata kona, anasema, nyuma kunaguna
kama mtu anayetafuna mchanga.
Keko wamemwambia difu imekufa:
milioni na laki mbili, nyingine itoke Dubai.

Nati ya juu ikaachia. Sikitu akatia kidole,
akakikunja, akakitoa kimelowa.
Ujazo upo. Akanusa.
Haijaungua.
Ndipo akaifuata ya chini,
na oili ikashuka nyeusi, taratibu, bila haya.
Sumaku ya nati ilikuwa imeota manyoya.
Akayasugua kwa dole gumba:
"Unga huu ni uzee tu.
Vingekuwa vipande, tungetandika mkeka."

"Oili ulinunua wapi?"
Kariakoo. Sabini na tano, tisini, jieli faivu,
Kapilima akazitaja kama namba za simu ya mkewe.
"Namba ni sawa, baba.
Umesoma jina, ukoo hukuuliza."

Difu ya kawaida, akatwambia, haina haki:
gurudumu likizama topeni linazunguka bure
na ndilo linalopewa nguvu zote,
mwenzake aliye pakavu ananyimwa.
Hii yako ina visahani ndani, vimebanana,
mmoja akiteleza mwingine anamshika mkono.
Lakini kwenye kona lazima waachiane kidogo,
wa nje ana safari ndefu.
Ukiwapa oili isiyo na dawa ya visahani
wanang'ang'aniana, ndiyo hiyo kelele.
Dawa ikizidi, hakuna anayemshika mwenziwe.

Akatia nusu chupa. Nusu akaifungia kabatini,
juu ya malalamiko ya Kapilima aliyeilipia nzima.

Kisha tukaenda uwanja wa nyuma ya maghala.
"Andika nane," akamwagiza. "Polepole, usukani wote."
Kapilima akaandika nane vumbini, kubwa, mbaya,
kama mtoto wa chekechea.
Ya nne ikaguna.
Ya saba ikaguna, lakini kwa aibu.
Ya kumi na moja nikasikia jogoo wa mlinzi
na hakuna kingine.

Daftari linaning'inia kwa kamba kwenye msumari.
Tarehe, kilomita, rangi, harufu, manyoya.
Sikitu haamini kumbukumbu ya mtu yeyote,
hata yake, hasa yake.

Aprili maji yakafunika Jangwani.
Kapilima alipita, bila shaka alipita,
mzigo wa saruji nyuma, difu ya moto,
akaizamisha kwenye baridi ghafla.
Chuma cha moto kikipoa huvuta pumzi,
na kitundu chake cha kupumulia kilikuwa majini.

Alipokuja, gari halina kelele yoyote.
"Nimepita tu kusalimia," akasema.
Sikitu alikuwa Ilala, msibani.
Nikalala chini peke yangu, mgongo kwenye boksi lililolowa.
Ishirini na nne. Ya juu.
Iligoma. Nikaipiga nyundo kidogo, nikaisemesha,
ikaachia.
Kidole kilitoka na chai ya maziwa.

Kapilima akainama kuchungulia.
"Mbona inatembea vizuri?"
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta beseni,
na kalamu.